Betri zilizokufa mbalamwezi: kisa cha taa za dagaa Kibirizi

Mwishoni mwa mwaka 2023 mama mmoja wa Kibirizi, hapa Kigoma mjini, mwenye vyombo vitatu vya dagaa, aliachana na karabai akanunua taa za LED na betri tatu za maji, N70, moja kila chombo. Kuchaji alikuwa akipeleka kwenye kibanda cha sola kilicho palepale mwaloni. Miezi ya mwanzo taa zilikesha bila shida. Kufikia Novemba 2024 hakukuwa na betri hata moja inayofika saa sita usiku. Dagaa wakishakusanyika chini ya taa halafu taa ikafifia, kazi ya usiku mzima imeharibika: kundi linatawanyika, au linahamia kwa jirani ambaye taa zake bado zinawaka.

Mwaloni jibu lilikuwa moja tu, betri feki. Muuzaji naye akakana, akasema vijana wamezitumia vibaya. Mama aliniita nimwambie mambo mawili. Ana haki ya kudai waranti au hana? Na hizi lithiamu zinazosifiwa kila mahali ni za kweli, au ni maneno ya biashara? Chuoni nilisoma fizikia ya vitu yabisi, na mpaka leo nafuatilia tafiti za malighafi za betri, ila kinachonilisha ni ufundi wa sola. Kisa hiki nimekiandika kirefu kwa sababu maswali yote mawili ya mama yanajibiwa na kitu ambacho hakikuandikwa kwenye lebo ya betri wala kwenye majedwali ya maabara, nacho ni kalenda ya ziwa.

Hesabu ya usiku mmoja

Taa za chombo kimoja kwa pamoja zinakula wati 60. Zinawashwa giza likiingia, zinazimwa alfajiri, tuseme saa kumi za kazi. Hizo ni wati-saa 600. N70 ina amp-saa 70 kwa volti 12, yaani wati-saa 840, tena ikiwa mpya na imejaa kweli. Kwa hiyo kila usiku ilikuwa ikinyonywa zaidi ya asilimia 70 ya ilichonacho. Na N70 ni betri ya gari. Sahani zake ni nyembamba na nyingi, zimepangwa hivyo ili zimwage umeme mkubwa kwa sekunde chache, starta izungushe injini, kisha alternata irudishe kilichotoka. Kazi ya kukesha haikuwa kazi yake tangu mwanzo.

Mafundi wengi wanaishia hapo: umeikamua mno, imekufa, nunua nyingine kubwa. Ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Betri iliyokufa kwa kukamuliwa ina dalili zake. Unga wa kahawia humong'onyoka kutoka kwenye sahani chanya, tindikali inachafuka, na masalia yanajaa chini. Nilipofungua vizibo nilitarajia kuona hivyo. Sikuona. Tindikali ilikuwa safi, na sahani zilikuwa na weupe weupe.

Nikachukua hydrometa, kile kipimo cha uzito wa tindikali, nikapima chumba kwa chumba. Betri iliyojaa husoma karibu 1.27. Ya kwanza ilisoma 1.13, 1.14, 1.13, 1.13, 1.14, 1.13. Nyingine mbili hazikuwa mbali na hapo. Huu ndio ushahidi niliouthamini kuliko wote, kwa sababu betri yenye kasoro ya kiwandani mara nyingi huonyesha chumba kimoja kilichoachwa nyuma na wenzake. Hapa vyumba vyote vimeshuka pamoja. Kisha tukaifunga kwenye chaja ya kibanda. Haikupita nusu saa volti zikawa zimepanda hadi 14.4 na taa ya kijani ikawaka. Hydrometa ikabaki palepale.

Nahodha wa chombo kimoja, mtu mzima wa makamo ya baba yangu, alikuwa amesimama pembeni muda wote.

"Fundi, si umejionea? Feki. Betri gani inajaa kwa nusu saa?"

"Mzee, haijajaa. Inakataa kula."

Kilichotokea ndani ya sahani

Betri ya risasi na tindikali aliibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na kemia yake ni ileile. Inapotoa umeme, sahani zote mbili hugeuka kuwa salfeti ya risasi, tindikali inatumika, maji yanaongezeka. Ndiyo maana hydrometa inashuka. Salfeti hiyo ikiwa changa ni punje ndogo mno, na ukichaji siku ileile inarudi kuwa risasi upande mmoja na oksidi ya risasi upande wa pili. Ukiiacha ikae, punje ndogo zinayeyuka kidogo kidogo na kwenda kujijenga juu ya zile kubwa. Joto likiongezeka, kazi hiyo inakwenda haraka zaidi. Punje ikishakuwa kubwa, eneo lake la juu ni dogo ukilinganisha na ujazo wake, kwa hiyo haiyeyuki kirahisi, na yenyewe haipitishi umeme. Chaja inasukuma, upinzani unakuwa mkubwa, volti inaruka juu, na kontrola, kile kifaa kinachoongoza chaji ya sola, inaamini kazi imekwisha.

Kwa hiyo swali si kwamba betri ilitumikaje, ila ilikaa tupu kwa muda gani. Nikaanza kumhoji mama na vijana wake siku zao zinavyokwenda.

Kwanza kuna siku ya kawaida. Chombo kinarudi asubuhi, dagaa wanashushwa, na betri inafika kibandani kama saa tatu. Inachukuliwa saa kumi na moja jioni. Betri ya risasi hupokea sehemu kubwa ya chaji haraka, lakini ile asilimia 20 ya mwisho inaingia polepole, kwa saa nyingi, na hapo ndipo salfeti ya mwisho inaposafishwa. Kibandani betri mpya na kuukuu zinafungwa sambamba kwenye kontrola moja, na siku za masika jua lenyewe ni la kubahatisha. Sidhani kama betri zile ziliwahi kujaa kabisa baada ya wiki ya kwanza.

Kisha kuna mbalamwezi. Asiyelijua ziwa anaweza kudhani wavuvi wanavua kila usiku. Dagaa wa Tanganyika huvutwa na taa gizani. Mwezi ukishakuwa mpevu taa haina ujanja, kundi halikusanyiki, na vyombo vinapumzika wiki moja au zaidi. Vijana wanashona nyavu, wengine wanakwenda makwao kusalimia. Na betri? Zilikuwa zinarudishwa stoo zilivyotoka ziwani. Kuchaji ni hela, na hakuna aliyeona sababu ya kulipia kitu ambacho hakitatumika kesho. Zilikuwa zikichajiwa giza linaporudi. Kila mwezi, basi, betri zote tatu zililala zikiwa karibu tupu kwa siku nyingi mfululizo, kwenye stoo ya bati.

Halafu ukaja mwaka 2024, ziwa likafungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Sina neno na kufungwa kwa ziwa. Wanaovua migebuka na dagaa wanajua jinsi mavuno yalivyokuwa yamepungua. Ila kwa betri ya risasi iliyotolewa chomboni ikiwa na robo ya chaji, miezi mitatu bila kuguswa ni hukumu. Isitoshe, betri hizi hujipunguza zenyewe hata zisipotumika, asilimia kadhaa kila mwezi, na kijana mmoja alikiri kwamba alikuwa akiongeza maji ya kisima badala ya maji ya betri. Madini yaliyomo kwenye maji hayo huharakisha kujipunguza huko.

Nikamwambia mama ukweli: waranti hana. Betri zilikuwa halali. Muuzaji alikosea kumuuzia betri ya gari kwa kazi ya kukesha, hilo ningemlaumu nalo hata mbele yake, lakini si feki. Mama hakufurahi. Aliniuliza kama nimelipwa na upande wa pili.

Lithiamu ipi?

Swali lake la pili lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu "lithiamu" si kitu kimoja. Betri ya kwanza ya ioni za lithiamu kuuzwa ilikuwa ya Sony mwaka 1991, na kathodi yake, yaani upande wake chanya, ilikuwa oksidi ya kobalti, ambayo John Goodenough na wenzake walikuwa wameionyesha pale Oxford mwaka 1980. Yeye, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Nobel ya kemia mwaka 2019 kwa kuendeleza betri za ioni za lithiamu. Kobalti inabeba nishati nyingi kwa uzito mdogo, inafaa simu. Lakini ikipata joto kali fuwele yake huachia oksijeni, na oksijeni ndani ya betri yenye elektrolaiti (kimiminika cha ndani) inayowaka ni moto. Sikutaka kitu hicho kikae kwenye chombo cha mbao, katikati ya ziwa, karibu na galoni la petroli ya injini.

Nilichompendekezea ni lithiamu-chuma-fosfeti, ile ambayo kwenye maboksi huandikwa LFP. Hii nayo ilitoka mikononi mwa Goodenough, akiwa Texas, mwaka 1997. Ndani yake hamna kobalti wala nikeli, ni chuma na fosfeti. Oksijeni imeshikwa na fosforasi kwa nguvu sana, kwa hiyo betri ikichemka haiiachii kirahisi. Kila gramu ya unga wake inaweza kinadharia kubeba mili-amp-saa 170.

Lakini ilipozaliwa haikuwa na mvuto. Ilipitisha umeme vibaya mno, na ukiichaji haraka ilikuwa ikitoa sehemu tu ya ilichotakiwa kutoa. Ilichukua miaka ya kazi ya maabara na ya kompyuta kwa pamoja kujua kwa nini, na sehemu hii naipenda kiasi kwamba nitakaa nayo kidogo.

Kompyuta katika utafiti wa namna hii haibashiri kwa kuangalia data za zamani tu. Unaipa aina za atomu na mahali zilipo kwenye fuwele, nayo inatafuta elektroni zitajipangaje na jumla ya nishati itakuwa kiasi gani. Msingi wake ni nadharia ya msongamano wa elektroni iliyowekwa na Walter Kohn na wenzake mwaka 1964 na 1965. Kohn alipata Nobel yake mwaka 1998. Ukishajua nishati ya fuwele ikiwa na lithiamu, ikiwa haina, na ya lithiamu yenyewe ikiwa peke yake, unapata volti ya betri kabla hujachafua chombo chochote cha maabara. Kwa LFP hesabu za kawaida zilikuwa zinatoa karibu volti 3, wakati kipimo cha maabara ni karibu 3.4 hadi 3.5. Mwaka 2004 kikundi cha Gerbrand Ceder pale chuo cha MIT, Marekani, kilionyesha tatizo liko kwenye elektroni za chuma, jinsi zinavyosukumana zikiwa zimebanana kwenye atomu moja. Ukiliweka hilo kwenye hesabu, jibu linakaa karibu na kipimo. Mimi napenda hadithi za aina hii kuliko zile za kompyuta kugundua kila kitu kwa usiku mmoja. Hapa maabara iliikosoa kompyuta, na kompyuta ikajirekebisha.

Mwaka huohuo kikundi hicho kilihesabu njia ambazo ioni ya lithiamu hupita ndani ya fuwele, na jibu likawa kwamba inapita upande mmoja tu, kwenye vijia vyembamba vilivyonyooka kuelekea mwelekeo mmoja. Kuruka kutoka kijia kimoja kwenda cha pembeni kunahitaji nishati kubwa mno. Mwaka 2005 Saiful Islam na wenzake nchini Uingereza walihesabu kwamba hata ndani ya kijia chenyewe ioni haiendi moja kwa moja, inapinda pinda. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walipiga fuwele hiyo kwa nyutroni wakaiona njia yenyewe, na kweli imepinda.

Sasa chukua reli ya kati kutoka Tabora kuja Kigoma. Ni njia moja. Behewa likianguka karibu na Uvinza, kila treni iliyo nyuma yake imekwama, hata kama mbele na nyuma reli ni nzima. Ndivyo ilivyo ndani ya punje ya LFP. Wakati wa kutengeneza unga, baadhi ya atomu za chuma hukaa kwenye nafasi za lithiamu, na kila moja inaziba kijia kizima. Mwaka 2010 kikundi cha Ceder kilihesabu matokeo yake: punje ikiwa kubwa, karibu kila kijia kitakuwa na kizuizi mahali fulani, punje ikiwa ndogo sana, vijia vifupi vingi vinasalimika. Hiyo inaeleza vizuri kwa nini viwanda husaga unga huu hadi punje za nanomita na kuupaka kaboni ili elektroni nazo zipate pa kupita.

Kwa mama haya yote yana maana ya mfukoni. Neno LFP kwenye boksi halikuhakikishii kitu. Ubora uko kwenye unga ulivyotengenezwa, na unga huo huuoni. Kwa hiyo hatukununua kwa kuangalia lebo. Alitafuta betri mbili za amp-saa 60, volti 12.8, pesa ya betri ya tatu haikutosha, na makubaliano na muuzaji yakawa kwamba tutazijaribu kwanza. Tukazijaza, tukaziwashia taa zilezile za wati 60 uani kwa mama, tukaangalia saa. Kwa hesabu kila moja ilipaswa kudumu kwa saa 12.8. Zote mbili zilivuka kumi na mbili. Bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya N70, na uzito ulikuwa chini ya nusu, jambo ambalo vijana wanaozibeba kutoka mchangani waliliona kabla ya jambo lingine lolote.

Volti inayodanganya

Wiki za mwanzo nahodha alinipigia. Taa zimezimika saa saba usiku, ghafla, bila hata kufifia.

"Fundi, jioni niliipima mwenyewe. 13.1. Ile ya zamani haikuwahi kufika hapo hata ikiwa mpya."

Mzee alikuwa amepima sawasawa. Alichokosa ni kujua kwamba kipimo kile hakina maana tena. Kwenye risasi, betri iliyopumzika ikisoma 12.7 imejaa, ikisoma 12.1 iko nusu, na baada ya miaka mingi ya kuendesha injini namba hizo zimemkaa kichwani. LFP haiko hivyo. Inapotoa umeme, ndani ya kathodi kuna sehemu yenye lithiamu na sehemu isiyo nayo. Moja inapanuka huku nyingine ikipungua, lakini volti kati yao inabaki karibu ileile. Kutoka karibu kujaa hadi karibu kuisha, betri nzima inachezea kwenye 13.3 hadi 13.0, kisha inaporomoka. Siku ile walikuwa hawajaichaji kwa kuwa "iko 13.1", wakatoka nayo ikiwa na nusu.

Dawa yake ilikuwa rahisi: kimita kidogo chenye shunti kinachohesabu amp-saa zinazoingia na kutoka. Hakiangalii volti, kinahesabu kilichotumika. Tulibadilisha pia mipangilio ya kontrola pale kibandani, kwa sababu kontrola nyingi za risasi kila baada ya muda hupandisha volti makusudi hadi 15 au karibu yake kusawazisha vyumba, na LFP haitaki kabisa kupita 14.6. Mwenye kibanda alikubali kutenga kontrola moja kwa ajili ya lithiamu tu.

Chombo kilichokaa nchi kavu

Tatizo kubwa zaidi lilikuja kwa upande ambao nilikuwa nimewahakikishia uko salama. Niliwaambia lithiamu haiharibiwi na mbalamwezi. Ni kweli, ikikaa nusu kwa wiki mbili haina habari. Chombo kimoja kikapandishwa nchi kavu, mbao za chini zimeoza, kikakaa miezi kikisubiri fedha na fundi wa kalafati. Betri yake ilitolewa ikiwa imeisha kabisa, ikawekwa stoo, ikasahaulika.

Walipoitoa, mita ikasoma sifuri. Kijana wa pale akataka kuiamsha kwa kuibusti moja kwa moja na betri ya gari. Video za kufundisha hivyo zimejaa mtandaoni. Nikamzuia, nikafungua boksi. Ndani kuna seli nne zimefuatana. Tatu zilisoma karibu volti 2.6. Ya nne ilisoma 0.6.

BMS, ile bodi ya ulinzi, nayo inakula umeme kidogo muda wote, hata taa zikiwa zimezimwa. Betri ikiachwa tupu kwa miezi, bodi inaimaliza, na seli iliyo dhaifu kuliko wenzake inazama kwanza. Anodi ya seli hizi, yaani upande hasi, ni madini ya kinywe, yaleyale ya Mahenge na Ruangwa, yamepakwa juu ya karatasi nyembamba ya shaba. Seli ikinyonywa kupita mwisho wake, shaba huanza kuyeyuka na kuingia kwenye elektrolaiti. Ukija kuichaji, shaba inarudi, lakini inajijenga mahali pasipo pake na inaweza kutoboa kitenganishi kilicho kati ya anodi na kathodi. Seli ya namna hiyo inaweza kuonekana imefufuka, kisha ikachemka yenyewe usiku ikiwa imezungukwa na watu waliolala. Tuliitupa ile moja na kuweka nyingine ya aina ileile baada ya kuzisawazisha zote nne.

Ndipo nikaandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo, kwa sababu masharti ya betri hizi mbili yanapingana na ni rahisi kuyachanganya. Risasi ilale imejaa. Lithiamu ilale nusu, nayo ichunguzwe kila mwezi. Hiyo nusu nayo ina sababu: juu ya kinywe huota utando mwembamba unaokula lithiamu taratibu, unakua haraka mwanzoni kisha mwendo unapungua, kiasi kwamba muda ukiwa mara nne utando unanenepa takriban mara mbili tu. Betri ikiwa imejaa na stoo ina joto, utando huo unakua haraka zaidi. Kwa hiyo kuiacha imejaa miezi mitatu ziwa likiwa limefungwa ni kuipunguzia umri, na kuiacha tupu ni kuihatarisha.

Na zile tatu za zamani? Tayari kulikuwa na mteja, anataka kuzivunja na kuyeyusha risasi apate vizito vya nyavu. Hapa sikubembeleza. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, pale Thiaroye-sur-Mer, mtaa wa pwani huko Dakar, Senegali, watoto 18 walikufa kwa sumu ya risasi iliyotokana na betri zilizokuwa zikivunjwa mtaani. Vumbi lake linakaa kwenye udongo ambao watoto wanauchezea. Mama ana wajukuu uani. Betri zilirudishwa nzima, na tindikali yake ndani, kwa mnunuzi wa chakavu anayezisafirisha bila kuzifungua.

Ambacho maabara haijakipima

Kwenye lebo ya LFP imeandikwa mizunguko 2,000 au zaidi. Namba kama hiyo mara nyingi hupatikana kwa kuchaji na kunyonya mfululizo, chumba kikiwa na nyuzijoto 25, bila mapumziko. Chukua kalenda ya mama: usiku ishirini hivi wa giza kwa mwezi, ondoa miezi mitatu ziwa likifungwa, unabaki na kama mizunguko 180 kwa mwaka. Ukigawa, betri ingeishi zaidi ya miaka kumi. Siamini. Itazeeka kwa kukaa kabla haijazeeka kwa kutumika, na kukaa kwake ni ndani ya stoo ya bati. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha anayetafuta mada, achukue seli chache, azipe usiku ishirini wa kazi kwa asilimia 80, siku kumi za kulala, na mara moja kwa mwaka miezi mitatu ya kimya, kwenye nyuzijoto 35. Kisha azifungue aone utando umefika wapi. Jedwali la namna hiyo lingemfaa kila mwenye chombo kutoka Kagunga hadi Kalya.

Kuna malighafi moja ninayoingoja kwa hamu kwa ajili ya kazi hii, nayo ni sodiamu. Mwaka 2021 kampuni ya CATL ya China ilitangaza betri zake za ioni za sodiamu. Zinabeba nishati pungufu kuliko lithiamu kwa uzito uleule, lakini sodiamu haiungani na alumini kama lithiamu inavyofanya, kwa hiyo karatasi ya alumini inatumika pande zote mbili na shaba haihitajiki. Seli ya namna hiyo inaweza kushushwa hadi volti sifuri na kusafirishwa au kuwekwa hivyo, kisha ikachajiwa tena. Lile la chombo kilichosahaulika nchi kavu lisingetokea. Watu wakisikia sodiamu hapa mara moja wanataja chumvi ya Uvinza; chumvi si tatizo, ni rahisi kila mahali duniani. Kigumu ni kaboni ya anodi, kaboni ngumu, ambayo hutengenezwa kwa kuchoma mimea isipopata hewa, kwa joto la nyuzi 1,000 na zaidi. Maganda ya nazi yameshajaribiwa na watafiti wengi. Sisi tuna vifuu vya mbegu za michikichi vinavyochomwa kama kuni, na kituo cha TARI Kihinga kinachotafiti michikichi kiko hapahapa mkoani. Nani ataanza?

Chombo cha tatu bado hakina lithiamu. Nilimshauri mama asikope. Achukue N100, ambayo ina wati-saa 1,200, ili zile 600 za usiku ziwe nusu tu. Aachane na kibanda kwa betri hiyo, anunue chaja ya ukutani ya amp 10 aitumie nyumbani kwa umeme wa gridi, na siku ya kwanza ya kila mbalamwezi aiache kwenye chaja kutwa na kucha mpaka hydrometa ifike 1.27 kwenye vyumba vyote sita ndipo aipeleke stoo. Alinunua N100 hiyo kwa muuzaji yuleyule.